Samaki Mgomvi Anatetea Mpaka Wake

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakaazi wa Pwani, hasa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU), wavuvi wa samaki wa mapambo, walimu, na wahudumu wa hoteli wanaotunza matangi ya samaki wa baharini.



Tangi la samaki wa baharini si kitu kigeni tena katika Pwani. Lipo kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye mikahawa na hata kwenye nyumba za watu. Aidha, kwa miaka mingi samaki wa mapambo wamekuwa wakivuliwa katika miamba ya Kenya na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Asia. Kuna familia zinazolisha watoto kutokana na kazi hiyo. Kwa hivyo swali la samaki wanaopigana ndani ya tangi si swali la watu wenye pesa za kuchezea tu. Linamhusu mzamiaji aliyemshika samaki, anayemhifadhi kabla ya safari, anayemnunua, na mwamba alikotoka.

Mazungumzo haya yana jambo moja la kusema: samaki wa mwamba anapogeuka kuwa mkali baada ya tangi kubadilishwa, mara nyingi kosa si la samaki. Kuna kitu alichonyang'anywa. Kazi ya mwenye tangi ni kujua ni kitu gani, kabla ya kumhukumu samaki.

Mfano wa tangi la mapokezi

Chukua mfano ambao wahudumu wengi wataufahamu. Tangi la lita 400 liko kwenye mapokezi. Kwa miezi minane samaki wake wameishi bila matata makubwa. Kuna kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la njano. Kuna kitatange mmoja, jozi ya samaki wa anemoni wenye mistari mieupe, na samaki wengine wadogo watatu.

Siku moja mhudumu anaambiwa wageni wanakuja, tangi lipendeze. Anatoa mawe yote, anayasugua hadi yang'ae, anayapanga upya yote upande mmoja ili mchanga mweupe uonekane. Anabadilisha nusu ya maji. Halafu, kwa kuwa nafasi imeonekana kubwa, anaongeza kangaja wa pili aliyeletwa asubuhi hiyo. Jioni kila mtu anasifu kazi.

Asubuhi ya pili hali ni nyingine. Kangaja mgeni ana michubuko ubavuni na amejibana kwenye kona nyuma ya pampu. Kitatange mapezi yake yameraruka. Samaki mmoja mdogo ameruka nje na kufia sakafuni. Kangaja wa zamani anazunguka tangi zima kama askari wa zamu. Uamuzi unatolewa papo hapo kwamba huyo kangaja ana roho mbaya na aondolewe.

Lakini mambo matatu yalibadilika siku ile kwa pamoja: mahali, wenyeji na maji. Kila moja lingetosha kuleta vita.

Jambo la kwanza: mahali

Juu ya mwamba, samaki wengi hawaishi ovyo. Kuna wenye shimo la kulala, kuna wenye jiwe la kulishia, kuna wenye njia wanayoizunguka kila siku. Wapo samaki wadogo, warefu kama kidole tu, wanaolinda kipande cha mwamba kinachoota mwani kama mkulima anavyolinda shamba lake la mchicha. Samaki huyo humfukuza yeyote anayekuja kula mwani ule, hata kama mgeni ni mkubwa kumzidi mara kadhaa. Mzamiaji aliyewahi kuumwa kidole na samaki mdogo anajua habari hiyo.

Mpaka huo ndio unaoleta amani. Jirani akishaujua, hauvuki. Akivuka kwa bahati mbaya, anafukuzwa hatua chache, kisha mambo yanaisha. Vita vikali huja pale ambapo mpaka haujulikani. Mkulima yeyote anaelewa hili. Majirani wawili wanaweza kukaa miaka ishirini bila maneno, lakini jiwe la mpaka likihamishwa usiku, asubuhi wanakutana kwa chifu.

Mhudumu alipotoa mawe yote na kuyapanga upya, alihamisha mawe yote ya mpaka kwa siku moja. Mapango yakatoweka. Njia za kukimbilia zikafungwa. Na kwa kuwa mawe yote yaliwekwa upande mmoja, nusu nzima ya tangi ikabaki uwanja wazi usio na pa kujificha. Samaki anayefukuzwa baharini huogelea mita kumi na mwenye mahali huridhika. Ndani ya tangi hakuna mita kumi. Anayefukuzwa hugonga kioo, hurudi alikotoka, na mfukuzaji humwona kama mvamizi asiyesikia. Ndiyo maana ugomvi ambao baharini ungeisha kwa mkwara, ndani ya tangi huisha kwa kifo.

Kwa kangaja kuna hatari zaidi. Samaki huyu amebeba kijisu cha mfupa kila upande wa shina la mkia. Mvuvi aliyewahi kumtoa wavuni bila kuangalia anazo alama mkononi. Silaha hiyo hutumika hivyo hivyo dhidi ya samaki wenzake. Tena kangaja ni muogeleaji wa masafa. Tangi la lita 400 ni dogo kwa kangaja mmoja aliyekomaa, sembuse wawili.

Jambo la pili: wenyeji

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa samaki wa mwamba methali hiyo hugeuka. Mwenyeji ndiye mwenye nguvu, na mgeni huingia akiwa amechoka, amesafirishwa kwenye mfuko, hajui pa kula wala pa kulala. Katika mapigano mengi ya wanyama wenye maskani, aliyetangulia kufika hushinda, hata kama mgeni analingana naye kwa ukubwa.

Na mgeni anayechukiwa zaidi ni yule anayefanana na mwenyeji. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza jambo hili katika kitabu chake juu ya ugomvi kilichotoka mwaka 1963. Aliwatazama samaki wa matumbawe baharini kule Florida na ndani ya matangi. Akaona kwamba samaki wenye rangi kali huwashambulia kwanza wa aina yao, huku wakiwaacha wengi wa aina nyingine wapite. Sababu yake ni rahisi. Anayefanana nawe anakula unachokula, analala unapolala, na anataka mchumba unayemtaka. Ndiye mpinzani halisi.

Kitatange wa pwani hii anatoa ushahidi wa kupendeza. Kuna aina ambayo mkubwa wake ana mistari ya njano na buluu, lakini mtoto wake ana miduara meupe juu ya buluu iliyokoza. Asiyejua angedhani ni samaki wawili tofauti. Wataalamu wengi wanaamini kwamba vazi hilo la utotoni humwezesha mdogo kuishi karibu na wakubwa bila kuonekana mpinzani. Hubadilisha rangi anapokua, na hapo ndipo hufukuzwa.

Kwa hivyo, mhudumu aliyeongeza kangaja wa pili kwenye tangi la kangaja mmoja alimleta hasa yule ambaye mwenyeji hangemvumilia.

Lakini vita vinaweza kuanza hata pale ambapo hakuna mgeni, bali kuna aliyeondolewa. Mfano mzuri ni samaki wa anemoni, yule anayeishi katikati ya mikono yenye sumu ya mnyama laini aitwaye anemoni. Kundi lao lina ngazi. Mkubwa kuliko wote ni jike. Wa pili ni dume lake. Walio chini yao ni wadogo ambao bado hawajazaa, kila mmoja mdogo kidogo kuliko aliye juu yake. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike, na mdogo anayefuata hupanda kuwa dume. Mtafiti Peter Buston alionyesha mwaka 2003 kwamba wadogo hujizuia kukua ili tofauti hiyo ya ukubwa ibaki. Anayekaribia sana kimo cha aliye juu yake huonekana tishio, na anaweza kufukuzwa. Na huko mwambani, kufukuzwa kutoka kwenye anemoni ni sawa na kifo, kwa kuwa nje huliwa upesi.

Sasa mwenye tangi akimuuza jike kwa sababu ni mkubwa na anapendeza, asishangae waliobaki wakianza kuumana. Ngazi imevunjika, na kila mmoja anatafuta cheo chake kipya. Akileta jike lingine lililokomaa kuziba pengo, hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa maana huenda dume wa zamani ameshaanza kugeuka.

Jambo la tatu: maji

Hili ndilo husahaulika, kwa sababu maji mabaya yanaweza kuonekana safi kabisa.

Ndani ya mawe na mchanga wa tangi huishi bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mhudumu aliposugua mawe hadi yang'ae, alisugua pia bakteria hao. Alipovuruga mchanga, alitibua uchafu uliokuwa umetulia chini. Na maji ya bahari kwa kawaida yana uchachu mdogo, hali ambayo huifanya amonia iwe kali zaidi kuliko katika maji baridi ya mtoni.

Samaki anayechomwa na amonia hupumua haraka, hukosa utulivu, huruka, hukimbia huku na huku. Mwingine huanza kumgonga kila anayempita. Mtazamaji husema wanapigana, kumbe wote wanaumwa. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kupima maji kabla ya kumlaumu samaki. Katika tangi lililotulia, amonia na naitraiti zinapaswa kuwa sifuri. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila lita, kama ilivyo baharini. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27, bila kupanda na kushuka ovyo.

Wanaochota maji baharini wachukue tahadhari. Maji yachotwe bahari inapojaa, mbali na mdomo wa mto na mbali na mitaro. Wakati wa mvua, mito kama Sabaki humwaga matope mengi baharini karibu na Malindi, na chumvi ya maji ya ufuoni hupungua. Maji hayo si ya kuwekwa kwenye tangi.

Nini kifanyike

Mwenye tangi anayetaka kubadilisha kitu na afanye moja kwa wakati mmoja. Akipanga mawe leo, asiongeze samaki leo. Akibadilisha maji, abadilishe sehemu moja ya kumi au mbili za kumi, si nusu. Mawe yasisuguliwe kwa sabuni wala kwa maji ya mfereji. Yasuuzwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, na yasitolewe yote kwa pamoja.

Anapopanga mawe, ahesabu mapango, si urembo. Kila samaki awe na pa kujificha pake, na kila pango liwe na milango miwili ili anayefukuzwa asikwame ndani. Mawe yatawanywe katika makundi mawili au matatu yenye nafasi kati yake, ili samaki wa upande mmoja asimwone wa upande wa pili muda wote. Asiyeonekana hasumbuliwi sana. Mawe yakae imara juu ya sakafu ya tangi na si juu ya mchanga, kwa sababu kikande na samaki wengine huchimba, na jiwe likianguka huua au huvunja kioo.

Mpangilio wa kuingiza samaki nao una maana. Wapole watangulie, wakali waje mwisho. Samaki mpole aliyekaa mwezi mzima ana mahali pake kabla mkali hajafika. Mkali akitangulia, tangi zima huwa lake.

Mgeni asitupwe moja kwa moja ndani. Kuna njia ambayo watunzaji wa samaki huitumia sana: kumweka mgeni ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, kikining'inizwa ndani ya tangi lenyewe kwa siku kadhaa. Wenyeji humwona, humtishia, lakini hawamfikii. Hasira zikipungua, hufunguliwa taa zikiwa zimezimwa na wenyeji wakiwa wameshiba. Njia nyingine ni kuweka kioo cha kujitazamia nje ya tangi, upande wa mbali na mgeni. Mwenyeji mkali hushughulika na sura yake mwenyewe huku mgeni akipata nafasi ya kutafuta pango. Kioo kisiachwe siku nyingi, kwa sababu samaki huchoka.

Hapa kuna jambo linaloweza kuonekana kinyume na yaliyosemwa awali. Watunzaji wenye uzoefu wakati mwingine huhamisha mawe machache kwa makusudi siku ya kuleta mgeni. Sababu ni kwamba wote wakipoteza mipaka kwa pamoja, mwenyeji naye huanza upya na hana haki ya kutangulia. Njia hii hufaa, lakini kwa masharti: mawe yawe machache, mapango yabaki mengi kuliko samaki, na maji yawe yamepimwa. Mhudumu wa mfano wetu alihamisha mawe yote na kupunguza mapango, kwa hivyo hakupata faida hiyo.

Chakula kitolewe mara nyingi kwa kiasi kidogo, na kitawanywe pembe zote za tangi. Chakula kikitupwa sehemu moja tu, mwenye nguvu huimiliki. Kangaja ni mla mwani, na asipopata mwani hukasirika upesi. Afungiwe mwani mkavu sehemu mbili tofauti.

Baada ya mabadiliko yoyote, mtu akae mbele ya tangi robo saa, asubuhi na jioni, na kuandika: nani anamfukuza nani, wapi, na saa ngapi. Kukimbizana kwa siku mbili tatu ni kawaida, mipaka inapangwa. Lakini mapezi yakiraruka, magamba yakibanduka, au samaki akiacha kula na kujibana kona, asingojwe. Anayepigwa atolewe kwanza apumzike kwenye chombo kingine. Ikibidi, mpigaji naye atolewe kwa wiki moja au mbili. Akirudishwa atarudi akiwa mgeni, na mara nyingi ukali wake hupungua. Kama tangi ni dogo kwa aina ile ya samaki, hakuna ujanja utakaosaidia. Apelekwe kwenye tangi kubwa.

Na dawa zisimwagwe ovyo. Dawa zenye madini ya shaba zinazotumika kutibu samaki huua matumbawe, kamba na anemoni. Tiba ifanyike kwenye chombo cha pembeni.

Kimya si amani

Baada ya haya yote, mtu anaweza kudhani kwamba tangi zuri ni lile ambalo hakuna anayemfukuza mwenzake. Hapana. Tahadhari hii ni muhimu, na inatoka baharini kwenyewe.

Mwaka 2016 joto la bahari lilipanda na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki yakapauka na kufa. Timu ya watafiti iliyoongozwa na Sally Keith ilikuwa ikihesabu ugomvi wa samaki vipepeo, jamaa wa kitatange ambao wengi wao hula matumbawe. Walichunguza aina 38 katika miamba 17, kabla na baada ya tukio hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba ugomvi ulipungua kwa theluthi mbili.

Je, samaki wale walikuwa wamepatana? La. Chakula kilikuwa kimekufa. Kulinda mahali kunahitaji nguvu, na samaki mwenye njaa hana nguvu za kupoteza. Tena, shamba lisilo na mazao halina cha kulindiwa.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwenye tangi aliyezoea kumwona kangaja wake akizunguka na kumtishia kila apitaye, kisha siku moja akamwona ametulia kabisa, asishukuru. Aangalie kama anakula. Apime maji. Achunguze vidoa vyeupe mwilini. Ukali wa kiasi ni dalili ya samaki aliye na afya na mahali pa kulinda. Hatari ni mbili: ukali uliozidi, na ukimya wa ghafla.

Kutoka tangi hadi mwamba

Pwani hii haihitaji kwenda mbali kujua maana ya mwamba kubadilika. Mwaka 1998 joto liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na wavuvi wazee wanakumbuka miamba iliyogeuka meupe kama chokaa. Kila anayevunja tumbawe kwa nanga, kwa miguu au kwa wavu wa kukokota chini anafanya kazi ile ile aliyoifanya mhudumu wa mapokezi. Anaondoa mapango, anafuta mipaka, na kuwaacha samaki kwenye uwanja wazi. Tofauti ni kwamba mawe ya tangi yanaweza kurudishwa mchana huo huo. Tumbawe gumu hukua polepole, aina nyingi sentimita chache tu kwa mwaka au pungufu.

Wavuvi wa samaki wa mapambo wana jukumu la pekee. Anayemwondoa jike mkubwa wa anemoni ameacha kundi likipanga upya vyeo vyake, na itachukua muda kabla ya mayai kutagwa tena pale. Anayewachukua wote wa anemoni moja ameiacha bila walinzi. Busara ni kuchukua wachache, kutoka sehemu nyingi, na kuacha jozi inayozaa. Na samaki wakali wasiwekwe pamoja kwenye chombo kimoja wanapongoja safari, kwa maana samaki mwenye jeraha hanunuliwi, na akinunuliwa hafiki. Kila mmoja akae kwenye chombo chake.

Sheria nazo zizingatiwe. Uvuvi wa samaki wa mapambo unahitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Ndani ya mbuga za kitaifa za baharini kama vile Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, pamoja na Mombasa na Kisite, hairuhusiwi kuvua kabisa. Mwenye hoteli anayenunua samaki kwa mtu asiye na leseni ni mshiriki wa kosa. Anayetaka ufafanuzi aulize kwenye ofisi ya uvuvi iliyo karibu au kwa viongozi wa BMU yake.

La mwisho ni kwa yule aliyeshindwa na samaki mgomvi na kufikiria kwamba huruma ni kumrudisha baharini. Asifanye hivyo bila kuuliza. Samaki aliyekaa tangini anaweza kubeba magonjwa. Na kama aliagizwa kutoka bahari nyingine, hatari ni kubwa zaidi. Samaki simba, yule mwenye mapezi yaliyotawanyika kama manyoya na miba yenye sumu, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana kwa mara ya kwanza katika maji ya Florida, Marekani, na inaaminika kwamba alitolewa kwenye matangi ya watu. Leo ameenea katika bahari yote ya Karibi, anakula samaki wadogo wa huko ambao hawamjui, na serikali za kule zinawaomba wapiga mbizi wamwinde. Mgeni mmoja aliyemwagwa baharini hawezi kuchotwa tena.

Turudi kwenye tangi la mapokezi. Lingeweza kuokolewa kwa mambo machache: mawe machache kwa siku, maji machache kwa wiki, mgeni asiyefanana na mwenyeji, na kisanduku cha matundu. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya samaki mmoja aliyekufa sakafuni. Yule kangaja aliyehukumiwa hakuwa na roho mbaya. Aliamka akakuta nyumba yake imebomolewa, maji yanamchoma, na mtu anayefanana naye amelala mlangoni.

Anayemfuga samaki wa mwamba amechukua kipande cha bahari ya kaunti hii na kukiweka ndani ya kioo. Na akitunze kwa utaratibu ule ule ambao bahari yenyewe hukitunza.